Fuata Simu Moja Kutoka Malaba: Jinsi ya Kuelewa Maneno ya Simu za Ofisini

Karatasi ya bei ilikuja na kurasa mbili. Kulikuwa na tranki, chaneli 30, DID, IVR, swichi ya PoE, leseni za ekstensheni. Nilielewa neno moja tu, "jumla", nalo sikulipenda. Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha hapa Kampala, na kazi ya kununua mtambo mpya wa simu niliangukiwa nayo mimi kwa sababu nilikaa mapokezi miaka mingi. Bosi aliamini kwamba aliyepokea simu nyingi ndiye anayezijua. Tukatia saini. Baadaye ndipo nikagundua tunalipia njia 30 za maongezi katika ofisi ambayo haijawahi kuwa na watu saba kwenye simu kwa wakati mmoja.

Tangu hapo nimesaidia ofisi nyingine kadhaa kusoma karatasi kama ile, na nimeona kukariri maneno hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kuchukua simu moja na kuifuata. Dereva yuko Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ana kontena kutoka Mombasa, karatasi zake zina kasoro, anapiga ofisini. Simu yake inapita wapi mpaka mtu aseme "haloo"? Kila inapopita pana neno la fundi, na karibu kila neno ni jina la kazi ambayo dada wa mapokezi alikuwa akiifanya kwa mkono wake: kupokea, kuuliza shida, kusubirisha, kuunganisha, kuandika kwenye daftari.

Hatua ya kwanza: hesabu kabla hujamwita fundi

Chukua karatasi, uiweke mapokezi wiki nzima. Kila baada ya nusu saa, tazama ni watu wangapi wako kwenye simu za nje wakati huohuo, uandike. Namba kubwa kuliko zote utakayoipata ndiyo idadi ya *chaneli* unazohitaji. Chaneli moja ni mazungumzo mamoja na mtu wa nje. Haihusiani na idadi ya simu zilizo mezani. Ofisi inaweza kuwa na meza 20 na chaneli 5 ikaishi raha mustarehe, ila mtu wa sita akipiga ataambiwa laini ina shughuli.

Kwa ofisi ya kawaida, isiyokuwa kituo cha kuhudumia wateja kwa simu, mimi huanza na chaneli moja kwa kila watu watatu au wanne, halafu naongeza mbili za akiba. Huo ni uzoefu wangu tu. Karatasi yako ya wiki moja ina ukweli zaidi kuliko mimi.

Sasa, kwa nini fundi alituuzia 30? Kwa sababu kuna aina ya laini ya kidijiti inayouzwa kwa furushi. Inaitwa E1, au PRI kwa jina la huduma inayopita juu yake, nayo hubeba maongezi 30 kwenye waya wa megabiti 2 hivi kwa sekunde. Kwa kawaida unauziwa waya mzima. Laini za kisasa za SIP, nitakazozieleza hivi punde, huuzwa chaneli kwa chaneli, kama nyanya za fungu. Kwa hiyo ukiona 30 kwenye karatasi, uliza: "Hii ni E1, au ni SIP?" Fundi akishajua kwamba unajua kuuliza hivyo, mazungumzo hubadilika.

Hatua ya pili: jua simu inaingilia mlango gani

Dereva wetu amebonyeza namba. Simu inafika kwenye *tranki*. Tranki ni njia inayounganisha ofisi yako na kampuni ya simu. Upande huu ni wewe, upande ule ni wao, na bili inazaliwa hapo katikati. Kuna tranki za aina nne ambazo utakutana nazo hapa kwetu.

Ya kwanza ni ya analogi: waya wa shaba wa jozi moja, maongezi mamoja. Ya pili ni ile E1. Ya tatu ni *tranki ya SIP*, ambayo haina waya wake. Inapita ndani ya intaneti au ndani ya nyaya za kioo ambazo kampuni imekuletea. Ya nne ni kisanduku cha kuwekea laini za simu za mkononi, ambacho mafundi hukiita *getiwei ya GSM*. Ofisi nyingi za Kampala zinakipenda kwa sababu wateja wao wote wako MTN au Airtel, na kupiga ndani ya mtandao mmoja hutoka rahisi. Hakuna ubaya, mradi laini zimesajiliwa na zinabeba simu za ofisi yako tu. Akija mtu kukuambia umwachie kisanduku usiku apitishie simu za kutoka nje ya nchi, mfukuze. Hiyo ndiyo *simboksi*, nayo ni kosa ambalo Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, imekuwa ikiwasaka watu kwa ajili yake.

Kwenye tranki ya analogi utasikia herufi mbili zinazochanganya hata mafundi vijana: FXO na FXS. Zishike hivi. FXS ni tundu linalotoa umeme na mlio wa laini. Ndilo unalochomekea simu. FXO ni tundu linalopokea. Ndilo unalochomekea waya unaotoka kwa kampuni. Tundu la ukutani lenyewe ni FXS. Kanuni ni kwamba mtoaji huunganishwa na mpokeaji, na ukiunganisha mtoaji kwa mtoaji unaweza kuunguza kadi ya ndani ya mtambo.

Halafu kuna namba yenyewe. *DID* ni namba ya nje inayokwenda moja kwa moja kwa mtu au idara bila kupitia mapokezi. Tuseme umenunua namba 10 zinazofuatana: ya kwanza inapokelewa na mapokezi, ya pili inaita kwa mhasibu, ya tatu idara ya malori. Zote kumi zinaweza kutumia chaneli zako tano tu. Namba na chaneli ni vitu viwili, na wauzaji hufurahi sana usipotofautisha.

Hapa nina neno kwa watu wa forodha. Namba nyingi za mezani za Kampala huanza na 041, kama zile za 0414. Namba za mezani za Mombasa nazo huanza na 041. Nimeshaona barua ya ofisi yenye tawi Mombasa imeandikwa 041 mbili, moja chini ya nyingine, na mteja wa Kampala akapiga ya Mombasa mara sita huku akilaumu mtandao. Andika namba zote kwa mtindo wa kimataifa: +256 41 kwa Kampala, +254 41 kwa Mombasa. Uwaagize na mafundi wahifadhi namba kwenye mtambo kwa mtindo huohuo. Kwenye simu ya mezani isiyo na alama ya kujumlisha, mlango wa kwenda nje ya nchi kwa hapa Uganda ni 000.

Hatua ya tatu: mtambo wenyewe

Simu imeingia. Inakutana na *PBX*. Hii ni swichibodi. Ndiyo inayojua nani ni nani ndani ya ofisi, na ndiyo inayofanya watu wa ofisi moja wapigiane bila kulipa. Zamani ilikuwa meza yenye matundu na nyaya, na opereta akichomeka hapa, akichomoa pale. Aliyefanikiwa kumwondolea opereta kazi hiyo alikuwa mzikaji wa Marekani aitwaye Almon Strowger, aliyepata hataza ya swichi inayojiendesha mwaka 1891. Husimuliwa kwamba alishuku opereta wa mjini kwao anawaunganisha wafiwa na mzikaji mwingine. Mimi niliyekaa mapokezi sitamjibia yule opereta, ila najua inawezekana.

Leo utauziwa PBX ya moja kati ya sura tatu. *PBX ya analogi* ni kisanduku cha ukutani kinachotumia waya za simu za kawaida. *PBX ya IP* ni kompyuta inayochukulia maongezi kama data, na inaweza kuwa ndani ya ofisi yako. Huko ndiko utasikia jina Asterisk, programu huria iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999. Vitu vingi vinavyouzwa kwa majina mengine vimejengwa juu yake. Sura ya tatu ni *PBX ya wingu*: huna kisanduku, mtambo uko kwenye kompyuta za muuzaji na unalipa kwa mwezi kwa kila mtu.

Wingu ni zuri kwa ofisi yenye vituo vingi vidogo vya mpakani, mtu mmoja Malaba, mmoja Busia, wawili Mutukula. Wote wanakuwa ofisi moja. Lakini muulize muuzaji swali hili: intaneti ikikatika, je, mimi na mhasibu aliye chumba cha pili tutapigiana? Kwa wingu, jibu ni hapana, kwa sababu hata simu ya kwenda chumba cha pili inatoka kwanza kwenda kwenye mtambo na kurudi. Kwa mtambo ulio ndani ya ofisi, mtapigiana. Muulize pia kompyuta zake ziko nchi gani. Uganda haina pwani. Intaneti yetu nyingi hufika baharini kupitia Kenya na Tanzania, na mtambo ulioko Ulaya una safari ndefu kuliko ulioko Nairobi. Umbali huo utausikia kwenye sauti.

Hatua ya nne: mezani

Hapa tupite haraka. *Ekstensheni* ni namba fupi ya ndani, kama 101 au 204. Si simu, ni namba. Ekstensheni moja inaweza kuita kwenye simu ya mezani, kwenye kompyuta na kwenye simu yako ya mkononi kwa pamoja. *Simu ya IP* ni ile inayochomekwa kwenye waya wa mtandao, wenye kichwa kipana, si ule mwembamba wa simu za zamani. *Simu ya programu* ni ekstensheni iliyowekwa ndani ya kompyuta au simu ya mkononi. Inataka hedseti nzuri, la sivyo mteja atasikia ofisi nzima. Vitaa vidogo vya pembeni vinavyowaka vyekundu mwenzako akiwa kwenye simu huitwa *BLF*. Nunulia mapokezi simu yenye vitaa hivyo vingi. Wengine hawavihitaji, na bei yake si ndogo.

*Leseni* kwenye karatasi ya bei inaweza kuhesabiwa kwa ekstensheni au kwa simu za wakati mmoja. Uliza ni ipi, kisha urudi kwenye ile karatasi yako ya wiki moja.

Na ukipanga namba za ndani, usianze yoyote na 9. Mitambo mingi hutaka ubonyeze 9 ili kupata laini ya nje. Basi mtu akipiga 999 kwa polisi, mtambo unameza 9 ya kwanza na kutuma 99. Mwambie fundi aweke 999 na 112 zitoke zilivyo, bila kitangulizi chochote, kutoka kwenye kila simu.

Hatua ya tano: salamu, foleni na saa

Dereva sasa anasikia sauti: "Karibu. Kwa Kiswahili bonyeza moja." Hiyo ndiyo *IVR*, sauti iliyorekodiwa inayouliza shida na kusubiri ubonyeze. Kila kitufe cha simu hutoa milio miwili kwa pamoja, mmoja wa juu na mmoja wa chini, na mtambo huisikiliza ujue umebonyeza nini. Mfumo huo unaitwa *DTMF*, umekuwepo tangu 1963. Wateja wakilalamika kwamba "nabonyeza moja haisikii", tatizo mara nyingi ni kwamba milio hiyo inasagwa njiani pamoja na sauti. Mwambie fundi DTMF isafiri peke yake, nje ya sauti. Ataelewa.

Ushauri wangu kuhusu IVR ni mkali kidogo: chaguo zisizidi nne, na sifuri iende kwa binadamu kila wakati. Dereva aliyesimama kwenye foleni ya malori chini ya jua hana muda wa kusikia historia ya kampuni. Weka Kiswahili, Luganda na Kiingereza, lakini usizitaje lugha zote kwa sentensi ndefu; maneno mawili kwa kila lugha yanatosha. Na arekodi mtu wa ofisini mwenye sauti tulivu.

Akishabonyeza, simu yake inaenda mahali pamoja kati ya pawili panapochanganywa. *Kundi la kuita* ni simu kadhaa zinazolia kwa pamoja au kwa zamu, na anayewahi anapokea. Asipopokea mtu, simu inakatika au inaenda kwingine. *Foleni* ni tofauti: mpigaji anawekwa kwenye mstari, anasikia muziki na nafasi yake, na wahudumu wanapewa mmoja mmoja. Ofisi yenye watu watatu wa kupokea haihitaji foleni. Inahitaji kundi la kuita, na adabu ya kunyanyua mkonga kabla haujalia mara nne.

Kisha kuna *saa za kazi*, yaani maagizo ya mtambo kuhusu lini upokee na lini useme tumefunga. Hapa Afrika Mashariki tunalo letu. Mwenzangu alimwandikia fundi kwa WhatsApp: "Fungua 2, funga 11." Alimaanisha saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, kama Mswahili yeyote, na Muganda pia, maana Luganda nacho huhesabu saa hivyohivyo. Fundi kwa haraka zake akaingiza 02:00 na 11:00. Siku tatu nzima, kuanzia saa tano asubuhi, mtambo ukawaambia wateja ofisi imefungwa, nasi tumekaa tunashangaa utulivu. Aliyetuzindua ni dereva mmoja aliyepiga simu yangu ya mkononi: "Dada, siku hizi mnafunga saa tano? Kuna msiba?" Andika saa kwa tarakimu nne, 08:00 hadi 17:00. Hakikisha pia mtambo uko kwenye majira ya Afrika Mashariki, saa tatu mbele ya saa ya dunia. Mingi hutoka kiwandani ikiwa kwenye saa ya dunia, na hapo utafungua ofisi ukiwa umechelewa saa tatu.

Hatua ya sita: kumpeleka mtu kwa mtu

Dada wa mapokezi amepokea. "Habari kaka, ngoja nikupe mtu wa nyaraka." Kuanzia hapo kuna maneno manne.

*Holdi* ni kumsubirisha: bado yuko kwenye simu yako, anasikia muziki, na ni wewe tu unayeweza kumrudia.

*Kuegesha* ni kama kuliacha lori kwenye maegesho. Simu inawekwa kwenye nafasi, tuseme 701, na mtu yeyote akibonyeza 701 kwenye meza yoyote anaichukua. Inafaa sana pale unapomtafuta mtu aliyeko stoo: unaita kwa sauti, "Simu yako iko 701!"

*Kuhamisha* kuko kwa namna mbili, na hapa ndipo ofisi nyingi hupoteza wateja. Kuhamisha kwa upofu ni kubonyeza namba ya mwenzako na kukata. Asipokuwepo, mteja analia peke yake gizani. Kuhamisha kwa kuulizana ni kumpigia mwenzako kwanza ("Mzee, kuna dereva Malaba, entri yake ya forodha imekataliwa, unaweza?"), akikubali ndipo unaunganisha. Wafundishe watu wako hii ya pili, na muulize fundi simu irudi wapi ikiwa aliyehamishiwa hakupokea. Irudi mapokezi, isikatike.

*Kuchukua* ni kupokea kwenye meza yako simu inayolia meza ya jirani. Mitambo mingi hutumia nyota na tarakimu, kama *8. Ni kazi ndogo, lakini ikijulikana, simu haziachwi zikilia.

Hatua ya saba: "Nakusikia, hunisikii"

Hapa ndipo penye pesa, na ndipo mafundi hukimbilia kusema "ni mtandao".

Simu za IP hugawa kazi mara mbili. *SIP* ni mshenga: inabisha hodi, inasema nani anamtaka nani, inaleta jibu, na mwisho inatangaza maongezi yamekwisha. Sauti yenyewe haipiti kwake. Inabebwa na mwingine, *RTP*, mara nyingi kwa njia tofauti kabisa. SIP ilitoka kama kiwango mwaka 1999, ikaandikwa upya 2002, na hadi leo ndiyo lugha ya simu nyingi za ofisini. Ukimwelewa mshenga na mbebaji, utaelewa ugonjwa maarufu kuliko yote: simu inaita, inapokelewa, dakika zinahesabiwa, lakini upande mmoja hausikii. Mshenga amefika, mbebaji amepotea njia. Mara nyingi aliyempoteza ni *ruta* yako, kile kisanduku kinachounganisha ofisi na intaneti, kwa kitu kiitwacho *NAT*, ambacho hufanya kompyuta zote za ofisi zionekane nje kwa anwani moja. Sauti inarudi kwenye anwani hiyo, haijui iingie chumba gani. Kwa hiyo usimwambie fundi "simu mbovu". Mwambie: "Simu inaunganika lakini sauti ni ya upande mmoja, angalia NAT." Umemwokolea nusu siku.

SIP pia hujibu kwa namba, na kuna simu zinazoionyesha kwenye kioo. 404 ni kwamba namba hiyo haipo. 486 ni mtu yuko kwenye simu nyingine. 403 ni umekatazwa, labda huna ruhusa ya kupiga huko. 408 ni kwamba mwito umekaa bila jibu mpaka muda ukaisha. Piga picha ya kioo, mtumie fundi.

Sasa ubora. *Kodeki* ni namna ya kufunga sauti ili isafiri. G.711 haibani sauti: kilobiti 64 kwa sekunde, na ukijumlisha vifungashio vya njiani inafika 87 hivi kwa kila upande. G.729 hubana hadi kilobiti 8, jumla karibu 31 pamoja na vifungashio. Maongezi kumi kwa G.711 ni kama kilobiti 870 kwenda na 870 kurudi. Si nyingi. Ndiyo maana nasema: sauti mbaya ofisini kwako huenda haitokani na udogo wa intaneti. Hutokana na msongamano, pale mtu mmoja anapopakia faili kubwa na pakiti za sauti, yaani vipande vidogo ambavyo sauti hukatwa ili isafiri, zikakaa nyuma yake.

Magonjwa ya safari ni matatu. *Ucheleweshaji* ni muda wa sauti kufika. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, katika pendekezo lake la G.114 linataka usizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja ili watu wasisumbuke. Ukizidi sana, mnaanza kukatizana: "Haloo, sema... hapana, sema wewe." Kituo kinachotumia dishi la satelaiti ile ya mbali, iliyo kilomita 36,000 hivi juu, kinapoteza karibu robo sekunde kwa kupanda na kushuka tu, na hakuna fundi wa kuitibu; ni umbali. *Jita* ni pakiti kufika bila mpangilio, moja mapema, nyingine imechelewa. Sauti inakuwa ya roboti. *Upotevu* ni pakiti kutofika kabisa. Maneno yanakatwa vipande. Dawa ya msongamano inaitwa *QoS*: kuiagiza ruta iipishe sauti mbele ya kila kitu, kama vile magari yanavyoipisha ambulensi Jinja Road, au yanavyopaswa kuipisha. Ukiona QoS kwenye karatasi ya bei, usiikate ili kupunguza gharama.

Hatua ya nane: umeme

Simu ya zamani ya waya ilipata umeme wake kutoka kituo cha kampuni, volti 48 kwenye waya uleule wa maongezi. Ndiyo maana umeme ukikatika mtaani, simu ya mezani iliendelea kuita. Simu ya IP haina bahati hiyo. *PoE* ni swichi, kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao wa ofisi, kuipa simu umeme kupitia waya huohuo. Kiwango cha kwanza, cha 2003, kinatoa hadi wati 15.4 kwa tundu. Faida yake si unadhifu wa waya pekee. Kama simu zote zinakula kutoka swichi moja, basi UPS moja, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme ukikatika, inabeba ofisi nzima. Weka kwenye UPS vitu vinne: swichi, mtambo, ruta, na kile kisanduku cha kampuni ya intaneti kilichobanwa ukutani. Hicho cha nne husahaulika kila mara.

Hatua ya tisa: wezi na daftari

Mtambo wa IP ukiwa wazi kwenye intaneti, hutafutwa usiku na mchana na programu za wezi. Wanajaribu ekstensheni 100, 101, 102, kila moja kwa nenosiri linalofanana na namba yake. Wakiingia, wanapiga namba ghali za nchi za mbali, mara nyingi kuanzia Ijumaa usiku, wakijua Jumatatu ndipo utakapoona. Bili ni yako.

Kinga ni *mpango wa upigaji*, yaani orodha ya nani anaruhusiwa kupiga wapi. Ofisi yetu inahitaji Kenya +254, Tanzania +255, Rwanda +250, Kongo +243 na Sudan Kusini +211. Nchi nyingine zote zimefungwa, na anayetaka kupiga anaomba. Ongeza nenosiri refu kwa kila ekstensheni, na *faiawoli* inayomfungia mlango anayekosea mara kadhaa. Ukiwa na tranki ya kulipia kabla, hasara inaishia pale salio linapoishia. Kwangu hiyo ndiyo kinga bora ya ofisi ndogo.

Daftari la mapokezi sasa linaitwa *CDR*: nani alipiga, alimpigia nani, saa ngapi, muda gani. Lisome kila Jumatatu, dakika tano. *Kurekodi* ni kitu kingine. Huko sauti yenyewe inahifadhiwa, na sauti ya mtu ni taarifa zake binafsi. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, kwa hiyo mpigaji aambiwe mwanzoni kwamba anarekodiwa na kwa nini, na rekodi zisikae wazi kwenye kompyuta ya kila mtu.

Siku ya kukabidhiwa

Usilipe sehemu ya mwisho mpaka mfanye haya fundi akiwa amesimama hapo. Piga kutoka MTN, kisha Airtel, kisha namba ya Kenya. Kila mara bonyeza kila kitufe cha IVR. Mwombe mtu wa kituo cha mpakani apige, mhamishe kwa upofu kwenda kwenye meza isiyo na mtu, uone simu inarudi wapi. Jaza chaneli zote, kisha piga moja zaidi usikie mpigaji anaambiwa nini. Piga simu ukiwa unapakia faili kubwa. Jaribu kupiga nchi iliyofungwa. Badilisha saa ya mtambo iwe 17:01, upige.

Mwisho, mkiwa katikati ya maongezi na Malaba, nenda kwenye kikatio kikuu uzime umeme wa ofisi. Taa zitazimika, watu watapiga kelele. Sikiliza mkonga. Kama Malaba bado anasema "haloo, nakusikia dada", toa kalamu.